Penseli na Majengo ya Kando ya Mto: Mwongozo wa Kuchora, Kusoma na Kutunza Michoro ya Miji Yetu

Miji ya Trans Nzoia, Uasin Gishu na Bungoma inajengwa upya mbele ya macho yetu. Tangu Kachibora, chini ya Vilima vya Cherangani, kupitia Moi's Bridge kwenye Mto Nzoia, hadi Webuye yenye maporomoko ya Nabuyole, duka la zamani la mabati lenye veranda ya nguzo za mbao linaweza kubomolewa wiki hii, na wiki ijayo msingi wa ghorofa ukachimbwa papo hapo. Kujenga si kosa. Watu wanaongezeka na biashara zinakua. Hasara ni kwamba jengo la kwanza huondoka bila kuacha hata karatasi moja ya kuonyesha lilivyokuwa: lilikuwa na milango mingapi, paa liliinamia upande gani, na ukuta wake ulikuwa mita ngapi kutoka ukingo wa mto.

Mchoro wa penseli unaweza kuziba pengo hilo kwa gharama ndogo mno. Makala hii inafafanua mambo matatu: namna ya kuchora jengo la mji wako, namna ya kusoma mchoro wa kale ukiupata katika sanduku la nyumbani, na namna ya kuutunza hadi uwafikie wajukuu. Jambo moja linaunganisha yote matatu, nalo ndilo msomaji aondoke nalo: mchoro usio na maelezo ni pambo, bali mchoro wenye jina la mahali, tarehe na vipimo ni ushahidi.

Kwa nini penseli, na kila mtu ana simu?

Piga picha kwa simu, naam, na upige nyingi. Lakini usiishie hapo. Picha hukamata kila kilicho mbele yake: matatu iliyoegeshwa, bango la matangazo, mwavuli wa muuza simu. Mchoraji huchagua. Anaweza kuliacha bango akauonyesha ukuta uliofichwa nyuma yake. Isitoshe, anayechora hulazimika kutazama. Ukikaa saa nzima mbele ya duka, utagundua kwamba dirisha la kushoto liliwahi kuwa mlango, kwa sababu matofali yaliyoziba nafasi ni ya rangi nyingine.

Tena penseli ni kifaa cha kudumu kuliko wengi wanavyodhani. Kinachoandika ndani yake ni grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, na kaboni haipaushwi na mwanga. Wino wa kalamu nyingi hufifia juani na huchuruzika ukipata maji. Mstari wa penseli hubaki. Adui wake mkuu ni kusuguliwa. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma. Hadi leo penseli hutengenezwa kwa njia hiyo: udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake mwepesi, nayo huandikwa H; grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi, nayo huandikwa B. Penseli ya shule, HB, iko katikati. Kwa kazi ya majengo nunua tatu: H ya mistari ya kupima, HB ya mchoro wenyewe, na 2B ya vivuli na maelezo.

Afrika Mashariki ina mifano mizuri ya thamani ya michoro. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wapo wanajeshi na mabaharia waliochora merikebu na majengo ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu. Ilikuwa kazi ya kupitisha muda, nayo leo ni hazina ya makumbusho. Kati ya 1860 na 1863, James Augustus Grant alisafiri na John Hanning Speke kutoka Zanzibar kuelekea chanzo cha Nile. Grant alianza na kamera, kisha akaiacha na kushika penseli na rangi za maji. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Huko Lamu, mwaka 1975, Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake wa mji huo ukiwa na michoro ya nyumba iliyopimwa. Lamu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mji ulio na michoro ya vipimo unaweza kujieleza mbele ya yeyote.

Anza na majengo yapi?

Anza na yaliyo karibu na maji. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kuendeleza ardhi ya ukingo wa mto, kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kupimia pale mafuriko ya juu kabisa yalipofikia. Kanuni ya namna hiyo hulinda mto na wakazi wake, lakini maana yake pia ni kwamba posho mili ya zamani, nyumba ya pampu, kibanda cha kusafishia kahawa au duka la karibu na daraja ndivyo vya kwanza kuondolewa. Na kama mamlaka haijaviondoa, maji yenyewe yatafanya kazi hiyo.

Baada ya hapo fuata historia ya eneo. Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka 1926, ikapitia Moi's Bridge, ambayo zamani iliitwa Hoey's Bridge kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja juu ya Nzoia mapema katika karne ya 20. Reli ilileta stesheni, maghala ya nafaka, nyumba za wafanyakazi na safu za maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi. Mashamba ya walowezi yaliacha nyumba za mawe au mbao zenye bomba refu la moshi, mazizi na maghala ya mahindi. Baada ya uhuru wa 1963, wananchi waliponunua na kugawana mashamba, miji midogo kama Kachibora ilikua kwa makanisa, shule za harambee, ofisi za vyama vya ushirika na maduka ya mabati. Webuye, iliyoitwa Broderick Falls, ilikua pamoja na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichofungwa mwaka 2009.

Usidharau jengo kwa kuwa ni la kawaida. Nyumba ya gavana itapigwa picha na wengi. Posho mili haitachorwa na mtu usipoichora wewe.

Ruhusa kwanza

Kusimama barabarani na kuchora duka si kosa, lakini mtu anayetazama jengo la mwenzake kwa saa mbili huku akiandika huzua maswali. Watu watadhani ni mpimaji wa ardhi au mtu wa kodi. Ingia, salimu, jieleze: "Habari ya asubuhi, mzee. Mimi ni wa hapa hapa Kachibora. Naomba kuchora duka lako ili sura yake isipotee. Nikimaliza nitakuletea nakala." Ahadi ya nakala itimize, ndiyo itakayokufungulia mlango wa jirani. Ukienda na wanafunzi, mwarifu naibu wa chifu au mzee wa mtaa mapema.

Kituo cha polisi, gereza, kambi ya jeshi, mitambo ya umeme na mabwawa ya maji usivichore bila kibali cha maandishi. Sheria za Kenya kuhusu sehemu zinazolindwa zinagusa michoro pamoja na picha.

Vifaa

Beba penseli tatu, kichongeo, kifutio cheupe laini, rula ya sentimita 30, tepu ya fundi ya mita 5 au zaidi, ubao mgumu wa kuegemezea karatasi, vibanio viwili, na mfuko wa plastiki wa kukinga mvua. Karatasi ya kuchorea yenye uzito kiasi ndiyo bora. Karatasi nyeupe ya fotokopi inatosha kwa anayeanza. Epuka karatasi ya gazeti na makaratasi ya kahawia ya kufungia bidhaa: yana asidi, na ndani ya miaka michache hugeuka manjano na kuvunjikavunjika.

Chagua wakati. Eneo letu lina msimu mrefu wa mvua, kuanzia Machi au Aprili hadi Oktoba au Novemba, na mvua nyingi huja alasiri. Kwa hiyo chora asubuhi, au ngoja kiangazi cha Desemba hadi Februari. Kachibora iko takriban digrii moja kaskazini mwa ikweta, hivyo jua hubadilisha upande katika mwaka: ukuta unaotazama kaskazini hupata mwanga mwezi Juni, na unaotazama kusini hupata mwanga mwezi Desemba. Ukuta uliopigwa na jua kwa ubavu huonyesha nyufa, mapambo na viungo vya matofali kuliko ulio kivulini.

Hatua kwa hatua: duka moja la mabati

Tuchukue duka la kawaida la mji mdogo: veranda mbele, milango miwili ya mbao, dirisha moja lenye nondo, paa la mabati.

*Kwanza, lizunguke.* Kabla ya mstari wowote, tembea pande zote nne. Angalia kilichoongezwa baadaye: chumba cha nyuma, choo, tangi la maji. Tazama chini ya paa uone kama mbao za kenchi zimekatwa kwa msumeno wa mkono au wa mashine.

*Pili, pima.* Kama mwenyewe ameruhusu, pima upana wa mbele, kina cha veranda, kimo cha mlango na umbali kati ya nguzo. Usipoweza kufika kila mahali, hesabu. Pima upana ambao bati moja linafunika, kisha hesabu mabati yaliyo upande wa mbele wa paa. Bati moja likifunika sentimita 65 na paa likiwa na mabati 14, upana wa paa ni mita 9.1. Kwa ukuta wa matofali, pima mistari kumi ya matofali pamoja na udongo au saruji ya katikati, gawanya kwa kumi, kisha hesabu mistari hadi juu. Njia hii hukupa kimo bila ngazi.

*Tatu, chagua kipimio.* Kwa karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7, tumia sentimita 2 kwa kila mita 1. Paa la mita 9.1 litakuwa sentimita 18.2 kwenye karatasi, na litaenea. Jengo kubwa kama ghala au kanisa lichore kwa sentimita 1 kwa kila mita 1. Andika kipimio hicho kwenye mchoro, kisha chora chini yake mstari wenye alama za mita. Mstari huo ni muhimu: fotokopi ikikuzwa au kupunguzwa, nao hukua au hupungua pamoja na jengo, na kipimo hubaki sahihi.

*Nne, chora sura ya mbele.* Kwa penseli ya H, weka mstari wa ardhi. Simamisha kuta mbili za pembeni, kisha mstari wa chini ya paa na mgongo wa paa. Gawa nafasi za nguzo, milango na dirisha kwa vipimo ulivyochukua. Sura ikikaa sawa, pitia juu yake kwa HB. Usichore kila tofali. Chora mistari michache pembeni ya mlango na kwenye kona, na mtazamaji ataelewa. Mabati yaonyeshe kwa mistari myembamba yenye nafasi sawa, na sehemu yenye kutu ipewe kivuli chepesi cha 2B.

*Tano, chora mtazamo wa kona.* Simama ambapo unaona mbele na ubavu kwa pamoja. Chora kwa wepesi mstari mlalo katika usawa wa macho yako. Mistari yote ya ukuta unaokwenda mbali nawe huelekea nukta moja juu ya mstari huo: iliyo juu ya macho hushuka, iliyo chini ya macho hupanda. Kupata uwiano, nyosha mkono bila kukunja kiwiko, simamisha penseli mbele ya jicho moja, pima kimo cha mlango kwa kidole gumba, halafu uone kimo hicho kinaingia mara ngapi katika ukuta mzima. Mlango wa mita 2 ukiingia mara moja na nusu, ukuta ni wa mita 3.

*Sita, uweke mto.* Hatua hii wengi huisahau, na katika mji wa kando ya maji ndiyo yenye faida kubwa. Kwenye karatasi nyingine chora ramani ndogo ya jengo, barabara, daraja na mto. Weka mshale wa kaskazini na mshale wa mkondo wa maji. Pima kwa hatua au kwa tepu umbali kutoka ukutani hadi ukingoni, na uandike tarehe, kwa kuwa ukingo husogea. Waulize wakazi wa muda mrefu: "Mama, mwaka ule wa maji mengi, yalifika wapi?" Akikuonyesha kizingiti au nguzo, pima kimo chake kutoka ardhini na ukiweke kwenye mchoro. Alama hiyo itamsaidia mjenzi wa kesho kuliko hadithi kumi.

Maelezo ya nyuma ya karatasi

Mchoro ukiisha, kazi haijaisha. Geuza karatasi uilaze juu ya kitu kigumu na safi, na kwa penseli ya 2B, bila kukandamiza, andika ukingoni. Usitumie kalamu ya wino. Hupenya na kuacha doa upande wa pili. Mfano wa maelezo kamili ni huu:

*Duka la mkabala na soko, Kachibora, Kaunti ya Trans Nzoia. Sura ya mashariki. Limechorwa 14 Januari 2026, saa tatu asubuhi. Upana wa paa mita 9.1, kimo cha ukuta mita 3. Kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati, nguzo za mbao. Chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye. Umbali hadi ukingo wa mto hatua 85. Maelezo yametolewa na mwenye duka. Mchoraji: jina kamili.*

Ukiambiwa mambo mawili yanayopingana kuhusu mwaka wa kujengwa, andika yote mawili, na useme kila moja limetoka kwa nani, kama mwenyewe ameridhia kutajwa. Usichague upande kwa kubahatisha. Kilichoonekana kwa macho kiandike kando na kilichosimuliwa.

Ukipata mchoro wa kale

Wakati mwingine mchoro upo tayari: ndani ya Biblia ya babu, nyuma ya ripoti ya shule, au katika makaratasi ya chama cha ushirika. Kabla ya kuuliza bei, uliza maswali manne: ni wapi, ni lini, ni nani, na kwa nini.

Tazama nyuma kwanza. Majina na tarehe hukaa huko. Kisha inua karatasi mbele ya dirisha: chapa ya kiwanda inaweza kuonekana ndani ya karatasi yenyewe. Baada ya hapo soma kilichochorwa na utafute vitu ambavyo tarehe zake zinajulikana. Stesheni ya Kitale ikionekana, mchoro si wa kabla ya 1926. Bendera ya Kenya inakuweka baada ya 12 Desemba 1963. Bango la Halmashauri ya Nafaka na Mazao ya Taifa linaonyesha mwaka 1979 au baadaye, maana halmashauri hiyo iliundwa mwaka huo. Gari lenye namba inayoanza na KAA halikuwako kabla ya 1989. Jina la Hoey's Bridge au Broderick Falls kwenye maelezo huashiria mwandishi aliyezoea majina ya enzi ya ukoloni, ingawa watu huendelea kutumia jina la zamani miaka mingi baada ya kubadilishwa. Usilitegemee peke yake.

Kumbuka pia kwamba mchoro unaweza kuwa umenakiliwa kutoka picha au mchoro mwingine, hivyo tarehe ya karatasi na tarehe ya mandhari huenda zisilingane. Mchoraji naye huenda alinyoosha barabara iliyopinda au kuongeza mti ili ipendeze. Nenda penyewe. Simama aliposimama, ukiongozwa na mstari wa vilima nyuma ya mapaa, kwa kuwa vilima havibomolewi. Ukipata mahali hapo, piga picha ya leo kutoka pembe ile ile na uziweke pamoja.

Kuutunza: mambo ya kufanya na ya kuepuka

Makosa mengi hufanywa na watu wenye nia njema. Haya ndiyo ya kuepuka:

- Usiufanyie laminesheni. Joto na plastiki huungana na karatasi, na hakuna njia salama ya kuvitenganisha.
- Usiunganishe mipasuko kwa selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia na kuacha doa la kudumu.
- Usiufute kwa kifutio wala kitambaa. Utaondoa mstari pamoja na uchafu.
- Usiutundike jikoni penye moshi wa kuni, wala mkabala na dirisha lenye jua. Grafiti haitafifia, lakini karatasi itageuka manjano na kukauka.
- Usiukunje hata mara moja ili uenee kwenye bahasha. Karatasi huanza kukatika kwenye mkunjo.

Na haya ndiyo ya kufanya. Nawa mikono na kuikausha, kisha shika karatasi kwa kingo. Ilaze kati ya karatasi mbili nyeupe safi za fotokopi, halafu ndani ya folda ngumu iliyo kubwa kuliko mchoro. Weka folda ikiwa imelala, katika sanduku la bati au plastiki, juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Katika nyumba za karibu na mto unyevu hupanda kutoka chini, na mchwa hufuata njia hiyo hiyo. Fungua sanduku kila baada ya miezi mitatu uangalie ukungu, mende na mavi ya panya. Ukitaka kuutundika ukutani, tundika nakala. Ikibidi utundike wenyewe, hakikisha kuna fremu ya kadibodi inayoutenga na kioo, kwa sababu grafiti hung'ang'ania kioo unyevu ukiingia.

Ukilowa, usiusugue na usiuanike juani. Ulaze juu ya taulo safi kivulini penye hewa, na ubadilishe taulo likilowa. Ukiona ukungu, subiri ukauke kabisa, vaa barakoa, na uutenge na karatasi nyingine hadi upate ushauri wa mtaalamu wa makumbusho.

Tengeneza nakala ya kidijitali siku ile ile uliyoupata. Skana katika duka la fotokopi kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, lakini usikubali upitishwe katika mashine inayovuta karatasi. Ulazwe kwenye kioo. Ukitumia simu, weka mchoro kivulini mchana, weka rula pembeni, na simu iwe sambamba na karatasi. Piga mbele na nyuma. Hifadhi nakala mahali patatu: kwenye simu au kompyuta, kwenye diski ndogo, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Haki, sheria na mahali pa kupeleka

Kumiliki karatasi si kumiliki haki ya kuichapisha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mchoro hudumu maisha ya mchoraji na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Mchoraji aliyefariki mwaka 1970, kwa mfano, kazi yake ililindwa hadi mwisho wa 2020. Kabla ya muda huo kwisha, kuchapisha kalenda au kadi za mchoro huo kunahitaji idhini ya warithi.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kutangaza jengo lenye thamani ya kihistoria kuwa mnara wa kumbukumbu kupitia Gazeti Rasmi. Jamii inayotaka jengo lake lilindwe huanza kwa kueleza jengo lilivyo na limebadilika vipi. Michoro yenye vipimo na tarehe ni sehemu ya maelezo hayo.

Kwa wakazi wa Trans Nzoia, mlango wa karibu ni Makumbusho ya Kitale. Asili yake ni mkusanyo wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wosia wa kuukabidhi mkusanyo huo kwa taifa, na jengo la makumbusho ya umma likafunguliwa Kitale mwaka 1974, la kwanza la aina yake katika Kenya bara nje ya Nairobi. Mkusanyo ulisalimika kwa sababu mwenyewe aliandika uende wapi. Nawe fanya hivyo: andika leo ni nani atakayebaki na michoro yako. Njia nyingine ni Idara ya Nyaraka za Taifa, yenye makao yake Moi Avenue, Nairobi, na kituo Kakamega, ambako unaweza pia kutafuta ramani na picha za zamani za mji wako.

Ukikabidhi mchoro kwa taasisi yoyote, omba stakabadhi inayosema kama ni zawadi au ni mkopo, nani anaruhusiwa kuuchapisha, na jina gani litaandikwa chini yake. Baki na nakala ya mchoro na ya stakabadhi.

Mpango wa mwaka mmoja kwa shule na vikundi

Kazi hii haimshindi mwalimu mmoja wa Sanaa, wala kikundi cha vijana au chama cha akina mama. Muhula wa kwanza, tembeeni mji mzima na mwandike orodha ya majengo ya zamani, mkianza na yaliyo karibu na mto. Muhula wa pili, gawaneni wawili wawili: mmoja apime na kuuliza, mwingine achore, kila jozi jengo moja. Muhula wa tatu, fanyeni maonyesho katika ukumbi wa kanisa au uwanja wa shule na mwaalike wazee. Wekeni penseli mezani, kwa sababu wazee watasahihisha: veranda hii iliongezwa baadaye, mlango ule ulikuwa wa posta. Kila sahihisho liandikwe nyuma ya mchoro unaohusika, pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa. Mwisho wa mwaka, seti moja ya nakala ibaki shuleni, nyingine ipelekwe Makumbusho ya Kitale, na kila mwenye jengo apewe nakala yake aliyoahidiwa.